Rubani Mmoja, Waliomwangusha Wanne

Kila ndege ilipopita juu ya nyumba, Mzee Gurdial alinyamaza. Si kwamba alikuwa hasikii. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko magoti. Alinyamaza tu, kijiko mkononi, akangoja ngurumo ipungue upande wa uwanja wa Heathrow, kisha akaendelea na neno lake pale pale alipoliacha. Na kwa kuwa Hounslow ndege hazina mapumziko, kuzungumza naye kulikuwa kama kula samaki mwenye miba: unatafuna, unasita, unatafuna.

Mardhiya, mtunzaji wake, alikwisha kumzoea. Kila asubuhi alikuja kumkanda magoti, kumpikia uji na kumhimiza vidonge vyake. Kilemba alijifunga mwenyewe. Hapo hakutaka mkono wa mtu.

"Leo umekuja na uso wa mawingu," Mzee alisema asubuhi ile, akimwangalia Mardhiya akikoroga sufuria.

"Mtoto hakulala, Mzee. Meno yanamtoka."

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa."

Alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Meno ya mtoto yalikuwa kweli, na uchovu ulikuwa kweli, lakini kilichomkunja uso kilikuwa kingine. Alikuwa amekibeba tangu wiki iliyopita, kama mtu aliyetia yai mfukoni akapanda basi lililojaa. Mzee Gurdial, shujaa wa hekalu lao zima, gurdwara, ambaye watoto wa Kalasinga wa mtaa ule humwigiza kwa kutandaza mikono na kuvuma, huenda hakuangusha ndege yoyote katika vita vile vya dunia.

Na Jumapili ilikuwa inakuja. Jumapili hiyo binti yake, Parminder, alitaka kutundika kibao cha shaba katika ukumbi wa chakula wa gurdwara: picha ya baba yake akiwa kijana, ndege nyuma yake, na chini yake maneno kwamba mwaka 1942, juu ya pwani ya Ufaransa, aliangusha ndege ya adui. Fundi wa kuchonga alikuwa anangoja neno la mwisho. Parminder ndiye aliyemwambia Mardhiya, miezi kadhaa nyuma, "Si unasoma historia jioni? Nitafutie uthibitisho, asije mtu akasema tunajisifu bure." Alisema kwa Kiingereza. Aliondoka Mombasa akiwa msichana wa shule, na Kiswahili alikuwa anakisikia chote, ila hakijibu. Baba akiuliza kwa Kiswahili, binti akijibu kwa Kiingereza, na mambo yao yakienda hivyo hivyo bila kugongana.

Mardhiya alilipenda jambo lile kwa sababu lilimfaa darasani. Mwalimu wao, Bi Generosa, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alikuwa akifundisha historia chuoni Hayes watu waliokuja na sare zao za kazi, wengine wakisinzia na kalamu mkononi. Aliwataka kila mmoja achague tukio moja ambalo pande mbili zinalisimulia tofauti. Mardhiya alipoleta habari za rubani wake, Bi Generosa alifurahi kama aliyeletewa ndizi za kwao.

"Rubani akirudi anasema nini? Anasema, nimemwangusha. Sawa. Hiyo ni kauli ya mpigaji," alisema. "Sasa nenda kwa waliofiwa, binti. Mpigaji anaweza kukosea idadi. Mfiwa hakosei. Jioni anapakua, na sahani moja inabaki tupu."

Basi Mardhiya akaenda Kew, kwenye nyaraka za serikali, mtoto akiwa ndani ya kigari, akimbembeleza huku anasoma. Upande wa kwanza haukumpa taabu. Siku ile ya mwaka 1942 marubani wanne wa kikosi kimoja, Gurdial akiwa mmoja wao, walirudi uwanjani, wakapewa chai, wakaulizwa, na kila mmoja akasema: nimempiga, nimemwona akianguka. Ofisa akaandika ndege nne. Upande wa pili ulimchukua muda mrefu zaidi, kwa msaada wa Bi Generosa na kamusi ya Kijerumani. Siku ile, pwani ile, Wajerumani walipoteza ndege moja. Moja tu. Rubani wake alikuwa na miaka ishirini na mmoja, jina lake Alois Ebner, na hakurudi.

Wanne wamedai, mmoja amekufa.

Wala hawakuwa waongo. Hilo Bi Generosa alilikazia sana. Ndege ya adui ikikimbia kwa kupiga mbizi, injini ikisukumwa mwisho wa nguvu zake, hutoa moshi mweusi hata kama haijaguswa. Kijana anayeifukuza anaona moshi, anaona imeingia mawinguni kichwa chini, na hapo yeye mwenyewe kuna mtu nyuma yake anayetaka roho yake. Hana nafasi ya kungoja aone mwisho. Na mara nyingine wanne wote wamempiga huyo huyo mmoja, kila mtu kwa upande wake, asimwone mwenzake. Wakifika chini kila mmoja anaapa, na kila kiapo ni cha haki.

Mardhiya alifunga vitabu vyake, akamfunika mtoto, na badala ya furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu, akahisi amemwibia mzee wa watu.

* * *

Jioni ya siku ile ya uso wa mawingu, nyumbani Hayes, mumewe Shaame alikuwa bado ghalani anapakia mizigo ya ndege, na mama mkwe, Bi Mwanabaraka, alikuwa sakafuni na mjukuu wake anamsugua ufizi kwa kidole.

"Pole na mtoto, mama," alisema Mardhiya akivua viatu.

"Sijapoa."

Ndivyo alivyo Bi Mwanabaraka. Watu wengine wakiambiwa pole hujibu nimeshapoa, hata kama nyumba inaungua. Yeye hujibu sijapoa, kisha anamkazia macho aliyempa pole mpaka mtu ajute kufungua kinywa. Wageni walidhani ni mzaha. Wa nyumbani walikuwa hawaulizi.

Mardhiya akajitupa kwenye kochi, akamweleza yote. Mama mkwe alisikiliza huku anatabasamu upande mmoja.

"Wanne kwa ndege moja? Basi hao wana adabu. Wewe uliozwa na watano."

Mardhiya akacheka, japo alikuwa hana nguvu za kucheka. Kwao, mwanamke aliyeleta neno la kwanza la posa hupewa doti ya kanga siku ya harusi, mbele ya watu, na vigelegele. Siku ya harusi yake walisimama wanawake watano. Mmoja ndiye aliyemwona Shaame kwanza kwenye ukumbi mmoja Tooting, akasema kijana yule anafaa. Wa pili ndiye aliyemnong'oneza mama yake Mardhiya. Wa tatu alitoa nambari ya simu. Wa nne aliapa kwamba bila yeye kusema "yule hakosi sala," mambo yote yangevunjika. Wa tano hakuna aliyejua alifanya nini, lakini alilia kwa furaha kuliko wote.

"Nilitoa doti tano kwa mume mmoja," alisema Bi Mwanabaraka, "na wala si mume mrefu."

"Na hakuna aliyesema uongo, mama."

"Hakuna! Ndo maana nikatoa. Mwongo ningemtoa nje kwa ufagio."

Kisha tabasamu lake likaondoka bila haraka, kama mtu anayetoka chumbani. Akamgeuza mtoto begani, akampigapiga mgongo.

"Kwenye harusi wanakuja watano," alisema. "Mimi kaka yangu Hamad aliuawa shambani, Unguja, baada ya Mapinduzi. Walitembea mjini watu watatu, kila mmoja akijisifu: mimi ndiye niliyemmaliza Hamad. Watatu. Na Hamad alikuwa mmoja, mwembamba, roho moja kama watu wote. Sasa kati ya hao watatu, mwanangu, hakuna hata mmoja aliyekuja kwa mama yangu akasema, pole. Hata yule ambaye hakumuua. Nami tangu siku hiyo hiyo pole ya barabarani siipokei."

Miaka yote hiyo katika nyumba moja, na Mardhiya hakuwahi kulijua hilo.

"Nimwambie Mzee?" aliuliza mwishowe.

"Hilo silijui. Mimi nnalolijua ni Hamad." Akamkabidhi mtoto. "Mshike, nikatie moto wali."

* * *

Alimwambia siku ya pili yake. Hakupanga, mzee mwenyewe ndiye aliyemtoa maneno.

"Wanificha nini?" Gurdial aliuliza, uji haujaguswa. "Wiki nzima wanikanda magoti kama mtu aagaye maiti. Ni daktari? Sema. Mimi ni Kalasinga wa Mombasa, sivunjiki upesi."

Mardhiya akaweka kitambaa chini. Akapiga magoti mbele ya kiti chake, kama anavyofanya kila siku akimvisha soksi, na akaanza mbali, na moshi mweusi, na mawingu, na jinsi macho ya vijana yanavyoweza kuapa kweli kwa jambo ambalo halikuwa. Alieleza kwa upole wote aliokuwa nao. Alikuwa ameshika soksi moja mkononi.

"Kwa hiyo, Mzee, kibao kile... Walidai wanne. Iliyoanguka ni moja. Huenda si wewe. Nisamehe. Huenda hukuangusha kitu."

Ndege ikapita. Mzee akanyamaza, kama kawaida yake. Ndege ikaisha, naye akaendelea kunyamaza. Mardhiya aliona kidevu kinatetemeka ndani ya ndevu nyeupe, akajua amemvunja. Akataka kuinuka amletee maji.

"Rudia," alisema Gurdial.

"Mzee..."

"Rudia, mwanangu. Pole pole."

"Huenda si wewe uliyemwangusha."

Akafunika uso kwa mikono miwili. Mabega yalikuwa yanacheka, au yanalia, haikujulikana. Alipoondoa mikono uso ulikuwa umelowa na umekunjuka, na Mardhiya hakuwahi kumwona na uso ule.

"Nilimwona kichwa," alisema. "Wasikia? Aligeuka kunitazama. Si ndege niliyoiona, ni kichwa cha mtu, na kofia ya ngozi, kama yangu. Usiku ule wenzangu waninunulia vinywaji, wanipiga mgongoni. Nami nakiona kichwa. Nikarudi Mombasa, nikafanya kazi karakana ya bandarini, nikaoa, nikazaa, nikaja huku kwenye baridi. Kila ndege ipitayo, nangoja ipite salama. Na kila nikitaka kusema, mtu anipigia makofi."

Mardhiya alibaki pale chini. Wiki nzima alikuwa amemficha mtu mwenye kiu ndoo ya maji, akidhani ni sumu.

"Basi siku ile hakufa mtu," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama ya mtoto anayeomba akubaliwe.

Ilikuwa rahisi kumkubalia. Lilikuwa neno moja tu. Mardhiya akafikiria sahani ya Bi Generosa iliyobaki tupu.

"Alifariki mmoja, Mzee. Alois jina lake. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja."

"Alois." Alilisema taratibu, kama anaonja kama lina chumvi. "Kwa hiyo ni mmoja wetu."

"Mmoja wenu. Au nyote. Haijulikani."

Ndipo Mardhiya, kwa kutaka kumpunguzia mzigo, akamsimulia habari za doti tano za kanga na mume asiye mrefu. Gurdial akacheka kweli mara hii, akapiga goti lake bovu, akasema "aah!" kwa maumivu, akacheka tena.

"Na kina mama wote watano wakala pilau?"

"Wakala, na nyingine wakafungiwa waende nayo."

"Haya. Kwa harusi wote wafika," alisema, akijifuta macho. "Na kwa msiba?"

Hakuwa anauliza kwa maana yoyote. Lakini Mardhiya alikuwa amechoka, na aliyechoka mdomo wake hauna mlinzi. Akajikuta anamweleza habari za Hamad, na watatu waliojisifu, na pole ambayo haikufika.

"Hata mmoja hakuja?"

"Hata mmoja."

Zilipita ndege mbili kabla mzee hajasema tena.

"Wenzangu watatu wamekufa wote. Wa mwisho alikufa mwaka juzi, huko Kanada."

"Mzee, hesabu iko upande wako. Katika wanne, pengine watatu hawakumgusa. Huenda—"

"Najua. Umeniletea zawadi, nami naipokea, leo nitalala." Akamwekea mkono kichwani, juu ya mtandio. "Lakini kijana yule amedaiwa na watu wanne, na hakuna aliyekwenda kwake kusema pole. Nimebaki mimi. Nisipokwenda mimi, basi haji mtu tena."

* * *

Parminder alipofika na kusikia, aliweka mkoba mezani kwa kishindo. Alimgeukia Mardhiya kwanza. Alimwomba uthibitisho, alisema, si huu. Watu wamealikwa. Fundi anapiga simu kila siku.

"Usimkemee," alisema baba yake. "Fundi achonge jina langu, na kwamba nilirudi. Hilo latosha, wengi hawakurudi. Na Jumapili granthi asome ombi kwa ajili ya Alois."

Parminder akajibu kwa Kiingereza kwamba watu wanakuja kumpongeza, si kuomboleza Mjerumani.

"Waje. Wapishi wapike vile vile. Ila wajue wanakula matanga."

Parminder alikaa, akavua viatu vyake vya kazi, akasugua nyayo. Mchana kutwa alikuwa amesimama dukani, na ghafla alionekana amechoka kama wao wote. Aliuliza kijana yule alikuwa na umri gani. Mardhiya akamwambia. Parminder akatikisa kichwa.

"Kama mwanangu," alisema, na mara hiyo alisema kwa Kiswahili, kibovu, kilichokaa muda mrefu bila kutumika.

* * *

Jumapili Bi Mwanabaraka alisema atakwenda. Hakusema kwa nini. Alivaa baibui lake zuri, akamchukua mjukuu mgongoni, na ndani ya basi la Hounslow hakuzungumza ila kulalamikia mvua.

Gurdwara ilikuwa na joto na harufu ya dengu na samli. Walivua viatu, wakajifunika vichwa, wakakaa sakafuni pamoja na wanawake. Granthi, msomaji wa kitabu chao kitakatifu, mzee mfupi mwenye ndevu mpaka kifuani, alisoma ombi kwa Kipunjabi. Mardhiya hakuelewa kitu, mpaka katikati ya maneno yale ya kigeni likatoka jina la Alois, nalo lilikuwa geni hapo kuliko yeye. Baadhi ya wazee walitazamana. Mmoja aliinuka akatoka. Kibao cha shaba kilikuwa ukutani, na chini ya jina la mzee na neno kwamba alirudi, mahali pa habari za ndege ya adui palikuwa patupu, panang'aa.

Baada ya ombi watu walipanga mistari wapate chakula. Gurdial hakukaa kwenye kiti cha heshima alichowekewa. Alikuja na fimbo yake, Parminder akimshika kiwiko, akipita kati ya watu waliokaa chini, mpaka akafika alipokuwa Bi Mwanabaraka. Alijaribu kuinama, magoti yakakataa, akabaki amesimama vile vile, nusu.

"Wewe ndiwe mamake Shaame," alisema.

"Ndimi."

"Mama, pole kwa kaka yako Hamad."

Mardhiya alilijua jibu, alijua na macho yatakavyokazwa, na akajuta kwa ajili ya mzee aliyekuwa ametoka kitandani na kufunga kilemba chake mwenyewe kwa ajili ya siku hii.

Bi Mwanabaraka aliinua uso.

"Si wewe uliyemuua," alisema.

"Si mimi. Sikuwako. Lakini wale hawakuja."

Ndege ilikuwa inapita juu ya paa, kubwa, inashuka, vyombo vikitetema kwenye masinia. Gurdial safari hii hakungoja ipite. Alirudia juu ya ngurumo ile ile, kwa sauti ya kupasuka:

"Pole, mama!"

Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Bi Mwanabaraka akamvuta kutoka mgongoni, akamlaza kifuani, akawa anamtikisa, anamtikisa, uso ameuficha katika kofia ya sufu ya mjukuu wake. Ndege iliisha. Mtoto alinyamaza. Na bado alikuwa anamtikisa.

"Nimeshapoa," alisema.

Akavuta kamasi. Akanyoosha mkono, akachukua chapati, akaichovya, akaonja, akatafuna.

"Kaa chini, mzee, utaanguka," alisema. "Na hii dengu yenu, wallahi, haina chumvi."